Blowa inanguruma lakini maji bado yananuka: kutafuta shida kwa mtambo wa ziada baada ya septiki

Kama unaishi pahali sewa haijafika, Rongai, Kitengela, Syokimau, Utawala, Ruai, hata sehemu kubwa ya Karen, basi kila kitu unachofulashi kinaishia kwa ploti yako mwenyewe. Septiki peke yake inafanya kazi nusu tu. Uchafu mzito unatulia chini, mafuta yanaelea juu, bakteria wasiohitaji hewa wanakula kidogo kidogo, halafu maji ya katikati yanatoka. Hayo maji yakionekana yametulia usidanganyike, BOD yake, yaani kipimo cha uchafu unaokula oksijeni, mara nyingi ni kati ya miligramu 120 na 200 kwa lita, na kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka mwisho wa 30 kwa maji yanayoachiliwa kwa mazingira. Hiyo tofauti ndo inafanya watu waongeze hatua ingine: chemba ya hewa yenye blowa, yaani mashine ya kupuliza hewa ndani ya maji, ama kichujio cha mchanga, ama kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, halafu wengine wanaweka klorini mwisho kabisa kabla maji yaende sokpiti, lile shimo la kuzamisha maji ardhini, ama yamwagilie nyasi.

Sasa hizo hatua za ziada zikianza kusumbua, watu wengi wanakimbilia mashine. Wananunua blowa mpya, wanamwaga unga wa bakteria wa bei ghali, wanaita fundi abadilishe paipu. Na kwa kweli mara nyingi mashine haina kosa lolote, shida iko juu yake, kwa tanki ya kwanza ama kwa nyumba yenyewe. Kwa hivyo kwa dalili nyingi nitakazotaja hapa, mpangilio wa kukagua ni ule ule: anza na kinachoingia, kisha tanki ya kwanza, kisha stima na hewa, mwisho kabisa ndo uangalie vifaa vya bei.

Kabla ya yote, mfuniko. Usiingize kichwa kwa manholi, na usimruhusu mtu yeyote ashuke ndani, hata kama tanki imenyonywa na inaonekana tupu, hata kama ni dakika moja tu ya kuokota simu. Ndani kuna haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza, ni nzito kuliko hewa kwa hivyo inakaa chini, na ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia ukidhani imeisha. Watu wanakufa wawili watatu kwa shimo moja juu wa pili alishuka kumuokoa wa kwanza. Pia kuna methani inayoshika moto, kwa hivyo hakuna sigara wala kiberiti hapo karibu. Fungua, rudi nyuma, wacha ipumue, angalia kwa tochi ukiwa umesimama juu. Na ukimaliza funga kabisa, watoto wa ploti wanacheza kila mahali.

Harufu ya yai viza

Mtambo wa hewa ukiwa mzima unanuka kama udongo uliolowa mvua, sio manukato lakini haukufukuzi. Ukianza kunuka yai viza maana yake ni moja, oksijeni imeisha mahali fulani na bakteria wa hewa wamewaachia nafasi wale wengine.

Swali la kwanza ni kama blowa inazunguka, na usimuulize mtu, nenda uweke mkono juu yake. Inafaa kuwa na joto kidogo na mtetemo mdogo. Ikiwa baridi, angalia stima: token zimeisha, swichi imejizima, taima imevurugika baada ya blakauti, ama keateka ameambiwa apunguze bili na anaizima usiku. Hii ya mwisho ni ya kawaida sana kwa ploti za kupangisha na inaumiza sana, manake mtu anaona kitu kinanguruma saa 24 bila kazi ya kuonekana na anafikiri kinakula pesa bure. Hebu tupige hesabu. Blowa ndogo ya wati 60 ikiwaka mchana na usiku inakula uniti 1.44 kwa siku, karibu uniti 43 kwa mwezi. Ukigawanya na idadi ya nyumba kwa ploti unaona sio kitu. Ukiizima usiku, baada ya saa chache tu oksijeni iliyokuwa kwa maji imeliwa yote, asubuhi ukiwasha unaanza upya na hata siku hiyo haitoshi kurekebisha.

Ikiwa inazunguka na bado kunanuka, fungua mfuniko wa chemba ya hewa uangalie mapovu. Yanafaa kuwa madogo madogo yametapakaa na maji yote yanajizungusha. Ukiona mapovu makubwa yanapasuka sehemu moja tu na kona zingine zimelala, difyuza, kile kifaa cha chini kinachotoa mapovu, imepasuka ama paipu imechomoka huko chini. Ukiona mapovu dhaifu kila mahali, rudi kwa blowa na ufungue kichujio chake cha hewa. Vumbi ya Nairobi wakati wa Januari na Februari inaziba hiyo sponji haraka kushinda venye kitabu cha mashine kinasema, hasa kama barabara yenu ni ya maramu, kwa hivyo pangusa kila mwezi ukiwa kiangazi hata kama kitabu kinasema miezi mitatu. Kama kichujio ni safi, fuata paipu ya hewa kutoka kwa blowa hadi kwa tanki ukisikiliza. Pahali kuna sss, sss, hewa inatoroka. Kuna ploti moja Utawala blowa ilikuwa karibu kubadilishwa, kumbe panya wametafuna paipu ya mpira penye inaingia chini ya slabu, tundu dogo tu la kidole, na hewa yote ilikuwa inaishia kwa udongo. Paka maji ya sabuni kwa viungo, tundu litajionyesha kwa mapovu.

Baada ya hapo ndo ufikirie diaframu. Hizi blowa za kutetemeka zina vipande vya mpira ndani ambavyo vinachoka baada ya miaka miwili mitatu, na vinauzwa kama seti bila kununua mashine nzima. Mwambie fundi aanze na hiyo. Na stima ikirudi na nguvu baada ya kupotea inachoma hizi mashine vibaya, kwa hivyo ichomeke kupitia frijgadi kama venye unalinda friji.

Kuna harufu ingine inayochanganya watu. Mtambo uko sawa, mapovu mazuri, lakini jioni kukianza kupoa nyumba ya chini inanuka. Hiyo mara nyingi ni paipu ya kupumua ya septiki ya kwanza, imekatwa fupi chini ya dirisha ama chini ya paa. Mchana jua linapandisha hewa juu, jioni hewa baridi inashuka na kukaa, hasa kama ploti iko bondeni. Ipandishe ipite paa, hakuna kingine. Na kama harufu iko ndani ya bafu tu, mwaga maji kwa ule mtego wa sakafuni ambao hautumiki, umekauka na hewa ya sewa inapanda moja kwa moja.

Povu

Povu jeupe jepesi kwa mtambo mpya usikutishe. Bakteria bado ni wachache, sabuni haijapata wa kuila. Mtambo unachukua wiki nne hadi nane kukomaa, na hata hapo siku ya kufua povu litarudi kidogo. Likizidi hadi linainua mfuniko, basi ama kuna mtu anafua kibiashara kwa hiyo nyumba, ama bakteria wamekufa na mnaanza upya. Uliza kama kuna mtu amemwaga asidi ya kuzibua sinki, ama chupa nzima ya bilichi kuosha choo, ama kuna mgonjwa anatumia antibayotiki kali kwa muda mrefu. Huyo mgonjwa hana kosa na asiache dawa, ni vile tu ujue sababu ili usibomoe mashine bure.

Povu zito la kahawia, lenye mafuta mafuta, linalokaa kama ngozi na halipasuki ukilipiga na maji, hilo ni jambo lingine. Tope limezeeka na limekuwa jingi, ama mafuta ya jikoni yanaingia. Nenda jikoni kwanza. Kama kuna mtu anapika chapo na samaki wa kuuza na hakuna chemba ya kutega mafuta kabla ya septiki, umepata jibu, na hiyo chemba ndogo itakuokolea mtambo mzima bora isafishwe kila wiki na mafuta yatupwe na takataka.

Maji yanatoka na ukungu ama na vipande

Hapa ndo kwenye shida nyingi ziko, na hapa ndo unahitaji chupa. Tafuta jagi ama chupa ya lita moja inayoonekana ndani, ikate mdomo. Vaa glavu, blowa ikiwa inawaka chota maji kutoka katikati ya chemba ya hewa na kikombe cha mpini mrefu, jaza, weka kwa kivuli mahali haitatikiswa na usiiguse kwa dakika 30. Ukikaa hapo ukiangalia utaona dakika ya tano hivi vipande vya kahawia vinaanza kushikana, vinakuwa kama pamba iliyoloweshwa chai, halafu vinashuka polepole na mstari unaanza kuonekana kati ya tope na maji.

Ukikuta tope rangi ya chokoleti limeshuka likajaza robo hadi nusu ya chupa na maji ya juu ni safi unaweza kusoma maandishi kupitia, chemba ya hewa iko sawa na shida iko kwingine. Tope likijaza zaidi ya asilimia 60, limekuwa jingi mno, punguza. Tope likiwa kidogo sana na maji ya juu ni ya maziwa maziwa, bakteria ni wachanga ama wameuawa, rudi kwa ile hadithi ya asidi na bilichi. Tope likiwa jepesi limevimba halitaki kushuka hata baada ya nusu saa, mara nyingi hewa ni kidogo ama mafuta ni mengi, na hapo bakteria wa nyuzi nyuzi wamechukua usukani. Likiwa jeusi, rudi kwa blowa.

Na usiimwage chupa bado. Iache saa moja mbili zaidi. Kama tope lililokuwa limetulia vizuri linaanza kupanda juu kwa mabonge yenye vipovu, hilo ndo lile lile unaloliona likielea kwa chemba ya kutulia, ile inayofuata chemba ya hewa. Sababu ni nitrojeni. Kule kwa hewa bakteria wamegeuza amonia kuwa naitreti, tope likikaa sana chini bila hewa bakteria wengine wanavuta oksijeni kutoka kwa ile naitreti na kuachilia gesi ya nitrojeni, na gesi inainua tope. Dawa si kuongeza hewa. Dawa ni tope lisilale, yaani ile pampu ama paipu ya kulirudisha kwa chemba ya hewa ifanye kazi mara nyingi zaidi, na kuta za chemba zisuguliwe ziache kushika tope.

Chupa ikikuambia chemba iko sawa lakini maji bado yanatoka machafu, pima tanki ya kwanza. Chukua mti mrefu, ufunge taulo kuukuu jeupe upande wa chini, uteremshe polepole hadi sakafu, ungoje kidogo, utoe. Tope litaacha alama nyeusi kwa taulo. Pima pia unene wa ukoko wa mafuta juu. Ukijumlisha hivyo viwili na upate vimezidi theluthi moja ya kina cha maji, tanki imejaa na uchafu unapita moja kwa moja kwenda kwa mtambo, hakuna blowa itakayoshinda hiyo. Ukiwa hapo angalia ile T ya paipu ya kutokea kama bado iko, inavunjika sana wakati wa kunyonya tanki, na ikikosekana mafuta yanaelea mpaka kwa hewa bila kuzuiwa na chochote.

Halafu idadi ya watu. Tanki ya lita 3,000 na watu kumi wanaotumia lita 100 kila mmoja, maji yanakaa siku tatu kabla ya kutoka. Landilodi akiongeza ghorofa mbili juu na sasa mko watu 40, ni lita 4,000 kwa siku na maji hayakai hata siku moja. Uchafu haujapata muda wa kutulia. Hapo msitafute fundi wa blowa, mnahitaji tanki ya pili, na ni vizuri kumwambia mwenye nyumba hivyo waziwazi mkiwa na hesabu mkononi.

Siku za mgao

Hili naliweka peke yake juu sioni likitajwa kwa vitabu vya mashine, vimeandikwa na watu ambao maji yao hayakatiki. Nairobi maji ni ya ratiba. Mtaa unapata siku moja ama mbili kwa wiki, na siku hiyo kila mtu anafua, anaosha nyumba, anafulashi ndoo zote za wiki. Mtambo unapokea maji ya siku tatu kwa saa nne. Chemba ya kutulia haiwezi kuhimili hiyo kasi, tope lote linabebwa na kusukumwa hadi sokpiti ama kwa kichujio, na kesho yake maji yanaonekana safi tena, kwa hivyo fundi akija hapati kitu na mnaanza kulaumiana. Kama maji machafu yanatokea siku ile ile kila wiki, andika hiyo siku na ulinganishe na ratiba ya mgao.

Suluhisho la kweli ni tanki ya kusawazisha kati ya septiki na mtambo, na pampu ndogo yenye taima inayosukuma kidogo kidogo mchana na usiku. Kama hakuna pesa ya hiyo kwa sasa, pangeni zamu za kufua kwa nyumba, maji si mnayo kwa matanki ya paa, nguo za nyumba ya pili zinaweza kungoja kesho. Inaonekana ndogo lakini inasaidia.

Kila kitu kinaonekana sawa lakini maabara inasema amonia iko juu

Hii ni ya wachache lakini ikikupata itakusumbua miezi. Bakteria wanaogeuza amonia wanakula alikalini ya maji, yaani uwezo wa maji wa kuzuia asidi, karibu miligramu 7 za alikalini kwa kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia. Maji ya bwawa la Ndakaini linalolisha Nairobi, yanayotoka milima ya Aberdare, ni laini, alikalini yake ni ndogo, kwa hivyo ikiisha pH inashuka na hao bakteria wanalegea hata ukiwapa hewa ya dunia nzima. Visima virefu vingi vya Nairobi vina baikaboneti ya kutosha, ndo maana nyumba mbili zenye mtambo wa aina moja, moja ya maji ya kaunti na ingine ya kisima, zinaweza kutoa majibu tofauti kabisa. Nunua vikaratasi vya kupimia pH. Ikiwa chini ya 6.5 kwa chemba ya hewa, ongeza magadi ya kuoka ama chokaa ya shambani kidogo kidogo kwa siku kadhaa ukipima, usimwage mfuko mzima mara moja.

Sokpiti imejaa, maji yanachomoza juu

Uliza kwanza kama inatokea mvua ikinyesha tu. Kama ni Machi hadi Mei ama Oktoba hadi Disemba peke yake, fuata gata za paa. Unashangaa ni nyumba ngapi fundi aliunganisha maji ya paa kwa manholi juu ilikuwa karibu. Paa la mita 100 mraba kwa mvua ya milimita 30 ni lita 3,000 zinaingia kwa mtambo jioni moja. Tenganisha. Pia vifuniko vya manholi vikiwa chini ya usawa wa uwanja, maji ya barabarani yanaingia, viinue. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifunika matanki mengi kabisa, na blowa iliyozama isiwashwe kabla fundi wa stima hajaifungua na kuikausha.

Kama ni mwaka mzima, kuna vitu viwili. Cha kwanza ni choo kinachovuja ndani kwa ndani: tia rangi ya chakula kwa sistani, usifulashi, baada ya dakika 20 ukiona rangi kwa bakuli, mpira umeisha na unapoteza mamia ya lita kila siku kimya kimya. Cha pili ni udongo. Syokimau, Kitengela, Utawala na Ruai kuna udongo mweusi wa pamba, ukilowa unavimba na kufunga kabisa, maji hayana pa kwenda. Hata maji safi kama ya mvua hayatapita hapo kwa kasi unayotaka. Kuchimba sokpiti ingine kando ya ile ya kwanza kwa udongo ule ule ni kutupa pesa. Afadhali kitanda kilichoinuliwa juu kwa mchanga ulioletwa, chenye mtaro mrefu badala ya shimo refu, ama matete.

Kwa udongo mwekundu wa Karen na Kiambu ambao unanyonya vizuri, sokpiti ikiziba ni ule utelezi mweusi wa bakteria unaokua kwa kuta uchafu ukiwa mwingi. Mtambo wa hewa ukirekebishwa na sokpiti ikapumzishwa miezi kadhaa kwa kugeuza maji yaende ingine, huo utelezi unajikula wenyewe na shimo linafufuka.

Na kuhusu biodaijesta, zile tanki za kumeng'enya uchafu zinazouzwa kila kona na ahadi kwamba hutaita eksosta, yaani lori la kunyonya tanki, maisha yako yote. Zinafanya kazi nzuri ya kumeng'enya na nafasi yake ni ndogo, sikatai. Lakini humo ndani hamna hewa, maji yanayotoka bado yana uchafu na vimelea, na mchanga, nywele na plastiki havimeng'enywi na chochote. Tope linajikusanya polepole. Kama yako imeanza kurudisha maji baada ya miaka michache, hujauziwa bandia, imejaa tu.

Kichujio na matete

Mchanga ukishika maji juu, angalia tanki ya kwanza kabla ya kugusa mchanga. Ikiwa sawa, kwangua ule ukoko wa juu sentimita chache, pumzisha, rudisha mchanga safi wa mtoni ulioshwa, ule wenye vumbi ndo unaoziba.

Kitanda cha matete kinafaa kuwa na maji chini ya kokoto, sio juu. Ukiona maji juu yamesimama na mbu wameanza, mlango wa kuingilia umeziba, toa kokoto ya mita ya kwanza, ioshe, irudishe. Matete yakinyauka upande wa mwisho tu, maji hayafiki huko, teremsha ama pandisha ile paipu ya kutokea mpaka usawa urudi. Yakianguka na kuoza juu ya kitanda yanarudisha uchafu ndani, kata na uondoe. Kule Langata, mkahawa wa Carnivore na bustani ya kuogelea ya Splash walianza kusafisha maji yao kwa bwawa la mimea miaka ya 1990, kwa hivyo hali ya hewa yetu si kisingizio, baridi ya Julai haiui mimea hii.

Klorini

Klorini ni ya mwisho na inafanya kazi kwa maji masafi tu, ukiiweka kwa maji yenye ukungu inaliwa na uchafu na vimelea vinapita. Kama kipimo kinaonyesha sifuri kila mara, rudi kwa ile chupa ya lita moja. Maji yakiwa safi, lenga karibu miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na klorini dakika 30, vikaratasi vya kupimia swimming pool vinatosha. Kidonge kikivimba na kukwama kwa paipu, maji hayakigusi, kigonge kishuke.

Lakini vidonge vya swimming pool usiweke humo, nakuomba. Vingi ni trikloro, ambayo ikiloweshwa na kukauka kwa nafasi ndogo iliyofungwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, na ukiichanganya na ile ya kalsiamu haipokloraiti iliyobaki kwa paipu inaweza kulipuka hapo hapo mkononi. Soma lebo, tafuta kalsiamu haipokloraiti ya maji taka. Na hata klorini ikiwa sawa, hayo maji ni ya nyasi, miti na maua, sio sukuma wala dania.

Eksosta ikija

Kaa hapo. Hakikisha wananyonya tanki ya kwanza, na kwa chemba ya hewa wapunguze tope tu, waache theluthi moja hivi, bakteria waliomo ndo mbegu yako, wakimaliza yote unarudi wiki nane nyuma. Tanki ya plastiki isibaki tupu msimu wa mvua, maji ya ardhini yanaisukuma juu inachomoka na kuvunja paipu zote, ijazwe maji siku hiyo hiyo. Uliza leseni na uliza wanamwaga wapi, manake kuna zinazomwaga kwa mto usiku, na huo mto kuna mtu anamwagilia mboga yake.

Ukipeleka sampuli maabara baada ya marekebisho, ngoja wiki mbili tatu mtambo utulie. Chota penye maji yanadondoka kutoka kwa paipu ya mwisho, sio kutoka kwa kidimbwi. Ya BOD ijaze chupa hadi juu bila nafasi ya hewa. Ya bakteria iwe kwa chupa ya maabara yenye dawa ya kuua klorini, la sivyo klorini itaendelea kufanya kazi njiani na majibu yatakuwa mazuri ya uongo. Weka zote kwa kulabokisi na barafu, ziende siku hiyo hiyo asubuhi, na uandike kwa lebo kama ilikuwa siku ya mgao.